Haujakamilika au Haukukamilika? Tahakiki ya Istilahi za Wakati wa Muamala katika Hifadhidata

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna istilahi za Kiswahili zinavyoeleza wakati ambapo muamala wa hifadhidata huhesabiwa kuwa umekamilika. Hoja ya msingi ni kwamba istilahi "muhuri wa wakati", inapotumika peke yake, huficha tofauti baina ya mambo matatu ambayo injini za hifadhi huyatenganisha: saa ya kuanza kwa muamala, saa ya kukamilika kwake, na nafasi yake katika mfuatano wa miamala mingine. Kwa kuchunguza mifumo minne, yaani PostgreSQL, InnoDB, WiredTiger na Spanner, makala yanaonyesha kwamba kila mmoja hujibu kwa namna yake swali la "lini". Baadaye yanadai kwamba sarufi ya kitenzi cha Kiswahili inazo nyenzo za kueleza tofauti hizo, bali waunda istilahi wamezipuuza kwa kushughulikia nomino tu. Mapendekezo ya istilahi yanatolewa mwishoni.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilishiriki katika mradi wa kukusanya msamiati wa uvuvi kutoka kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi kandokando ya maziwa makuu. Vidahizo viliingizwa katika hifadhidata moja, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kanzidata. Kila baada ya dakika kumi, programu ndogo ilichota vidahizo vipya na kuvipeleka katika nakala ya wahariri. Programu hiyo ilifuata kanuni moja: ikumbuke saa ya uchotaji uliopita, kisha ichukue kila kidahizo chenye muhuri wa wakati uliofuata saa hiyo.

Asubuhi moja msaidizi wetu wa utafiti, aliyekuwa amekaa na wavuvi kwa majuma kadhaa, aliingiza kazi yake yote kwa muamala mmoja. Alianza saa nne kamili. Mtandao ulikuwa dhaifu, hivyo muamala ukakamilika saa nne na dakika kumi na saba. Saa nne na dakika kumi programu ya uchotaji ilipita, haikuona kitu, ikaandika kwamba imekwisha kufika saa nne na dakika kumi. Ilipopita tena saa nne na dakika ishirini, iliuliza vidahizo vyenye muhuri wa baada ya saa nne na dakika kumi. Vidahizo vya msaidizi vilikuwa na muhuri wa saa nne kamili, kwa sababu hifadhidata ile ilivipa saa ya kuanza kwa muamala. Havikuchotwa siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Rasimu ya orodha ilipochapishwa, maneno ya ufuo ule hayakuwemo. Katika kikao msaidizi aliambiwa, "Hukuleta kazi." Naye akajibu, "Nilishaleta." Kila upande ulikuwa na ushahidi: yeye aliviona vidahizo vyake kwenye skrini, na wahariri hawakuviona katika nakala yao. Ilichukua majuma mawili kupata chanzo cha mkanganyiko huo, na kwa muda huo wote malipo yake yalisimamishwa.

Mimi si mhandisi wa kompyuta, na makala haya hayadai kuwafundisha wahandisi kazi yao. Hata hivyo, niliporejea hati za mradi niligundua kwamba mwongozo tuliouandika wenyewe kwa Kiswahili ulisema hivi tu: "Kila kidahizo kina muhuri wa wakati wake." Hakuna aliyeuliza: wakati wa nini? Kwa maoni yangu, hapo ndipo kosa lilipoanzia, na hilo ni kosa la wanaisimu.

2.0 Muhuri na tarehe mbili za barua

Neno "muhuri" limezoeleka katika ofisi za ukanda wetu. Barua isiyo na muhuri huhesabiwa kuwa si barua. Lakini karani yeyote wa masjala anajua kwamba barua moja huwa na tarehe mbili. Ya kwanza ni ile ya juu, aliyoiandika mwandishi alipoketi kuandika. Ya pili ni ya muhuri wa mapokezi, inayopigwa barua inapoingia masjala. Panapotokea ubishi kuhusu ombi lililochelewa, tarehe ya kwanza haimsaidii mwombaji. Kinachohesabiwa ni tarehe ya mapokezi.

Kwa hiyo sitiari ya muhuri si mbaya, na inaweza kuwa na manufaa kuliko waunda istilahi walivyokusudia. Kasoro ni kwamba imehamishwa kutoka ofisini bila desturi yake. Ofisini muhuri hupigwa na mpokeaji, wakati wa kupokea. Katika matumizi yetu ya kiteknolojia, "muhuri wa wakati" umekuwa jina la tarakimu yoyote inayoonyesha saa, iwe imewekwa na mwandishi au na mpokeaji, mwanzoni au mwishoni. Katika mradi wetu, tarehe ya juu ya barua iliitwa muhuri, na programu ikaitumia kana kwamba ilikuwa muhuri wa mapokezi.

3.0 Injini nne na majibu yake

Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni suala la kusahihisha neno moja: tuseme "muhuri wa wakati wa kukamilika" na jambo liishe. Uchunguzi wa injini zenyewe unaonyesha kuwa haliishi hapo.

Tuanze na PostgreSQL. Kitendakazi chake kiitwacho now, ambacho jina lake maana yake ni "sasa", hurudisha saa ya kuanza kwa muamala, na hubaki na jibu hilohilo hadi muamala utakapoisha, hata ukichukua nusu saa. Anayetaka saa halisi ya papo hapo hutumia kitendakazi kingine, clock_timestamp. Uamuzi huo una sababu: mabadiliko yote ya muamala mmoja yanapata saa moja. Lakini kwa msomaji ni "sasa" isiyosogea.

Zaidi ya hayo, safumlalo katika PostgreSQL haibebi saa ya kukamilika kwake. Hubeba nambari ya muamala ulioiandika, nambari ya biti 32, na nambari hiyo hutolewa muamala unapoanza kuandika, si unapokamilika. Ili kujua kama mwandishi wa safumlalo alikamilisha kazi, injini huenda kwenye daftari jingine linalotunza hali ya kila muamala kwa biti mbili tu. Biti hizo husema kama muamala unaendelea, umekamilika au umebatilishwa, pamoja na hali moja ya miamala midogo iliyo ndani ya mingine. Saa haimo. Tangu toleo la 9.5 mtumiaji anaweza kuamuru saa za ukamilishaji zitunzwe, na hapo kila muamala hutumia baiti 10: nane za saa na mbili za kuonyesha chimbuko lake. Lakini huduma hiyo huwa imezimwa hadi mtu aiwashe na kuianzisha seva upya, haielezi miamala iliyotangulia kuwashwa kwake, na kumbukumbu za zamani huondolewa kadiri muda unavyopita. Hata ikiwashwa, saa hizo si kipimo kamili cha mfuatano. Muamala husoma saa kabla kidogo ya kuandika tukio la ukamilishaji katika daftari la matukio, na katika kipindi hicho kifupi muamala mwingine unaweza kuingia mbele yake. Aidha, saa ya kompyuta inaweza kurekebishwa ikarudi nyuma.

InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL, hufuata njia nyingine. Kila safumlalo hufichiwa nambari ya muamala yenye baiti 6 na kielekezi cha baiti 7 kinachoonyesha mahali toleo lililotangulia lilipo. Muamala ulioandika unapokamilika hupewa nambari ya pili kutoka kwenye kihesabio kilekile, na kwa nambari hiyo injini hujua ni matoleo yapi ya zamani yanayoweza kusafishwa bila kumdhuru msomaji yeyote. Kwa hiyo muamala mmoja una nambari mbili, ya kuanza na ya kumaliza, na hakuna iliyo saa. Ukiiuliza injini hii "lini?", hujibu "baada ya nani".

WiredTiger, ambayo hutumiwa na MongoDB, huiachia programu iliyo juu yake jukumu la kutaja wakati. Wakati huo ni tarakimu ya biti 64, na injini haidai kuwa ni saa. Hudai tu kwamba mpangilio wake uheshimiwe. MongoDB huigawa tarakimu hiyo sehemu mbili: biti 32 za sekunde na biti 32 za kihesabio cha matukio yaliyo ndani ya sekunde moja. Hapa saa na zamu zimeunganishwa katika tarakimu moja. Injini hutunza pia kikomo kiitwacho wakati imara, na inapohifadhi hali ya data kwenye diski huhifadhi yale tu yaliyokamilika hadi kikomo hicho. Hivyo data inayotumia wakati huo inaweza kuwa imekamilika lakini bado haijawa imara. Hizo ni hali mbili tofauti, na Kiswahili cha miongozo yetu hakijazipa majina mawili.

Wa mwisho ni Spanner wa Google, ulioelezwa hadharani mwaka 2012. Wabunifu wake walikiri kwamba hakuna kompyuta inayojua saa barabara. Kwa hiyo huduma yake ya saa, inayotegemea setilaiti na saa za atomiki, hairudishi nukta moja bali kipindi chenye mwanzo na mwisho, na saa ya kweli imo humo ndani. Katika maelezo ya mwaka huo, shaka hiyo ilikuwa kati ya milisekunde 1 na 7 hivi. Muamala huchagua saa yake ya ukamilishaji, kisha mfumo husubiri mpaka uwe na hakika kwamba saa hiyo imepita kila mahali, ndipo humwambia mtumiaji kuwa kazi imekamilika. Usubiri huo ni gharama inayolipwa ili saa na zamu visigongane.

Leslie Lamport alikwisha kuonyesha mwaka 1978 kwamba katika mfumo wenye kompyuta nyingi swali la msingi si saa ngapi, bali ni tukio lipi lililotangulia jingine, na kwamba kuna jozi za matukio ambazo hakuna lililotangulia. Injini nne nilizozieleza ni namna nne za kuishi na ukweli huo. Istilahi moja "muhuri wa wakati" haiwezi kuzibeba zote bila kuzipotosha.

4.0 Ushahidi wa kitenzi

Kazi ya kuunda istilahi katika ukanda wetu imejikita katika nomino. Huandaliwa orodha ya nomino za Kiingereza upande mmoja, kisha hutafutwa nomino za Kiswahili za kuzijaza upande wa pili. Utaratibu huo ukifika kwenye wakati hukwama, maana Kiswahili huweka sehemu kubwa ya elimu yake ya wakati ndani ya kitenzi.

Tazama mfano huu. Msomaji wa hifadhidata anapochukua taswira ya data, kuna miamala ambayo matokeo yake hayaoni. Baadhi hayaoni kwa kuwa bado inaendelea. Mingine kwa kuwa iliachwa njiani. Kwa Kiswahili tunasema "muamala haujakamilika" kwa ule wa kwanza, na "muamala haukukamilika" kwa ule wa pili. Kiambishi -ja- huacha mlango wazi: huenda ukakamilika. Kiambishi cha kanushi -ku- hufunga shauri. Injini ya PostgreSQL hutumia zile biti mbili kutunza tofauti hiihii, kwa sababu isipoitunza haitajua kama imsubiri mwandishi au imsahau. Mwongozo unaoandika "miamala isiyokamilika" kwa hali zote mbili umetupa tofauti ambayo mtoto anayejua kusema "sijala" na "sikula" tayari anayo.

Rejea sasa maneno ya kikao chetu. "Hukuleta" ni hukumu iliyofungwa. Kama wahariri wangesema "hujaleta", wangekiri kwamba kazi inaweza kuwa njiani, na programu ya uchotaji ingepaswa kuandikwa kwa kanuni hiyo: isivuke muamala wowote ambao bado unaendelea. Hiyo kwa kweli ni mojawapo ya tiba zinazotumiwa na wahandisi. Tiba nyingine ni kuacha kuuliza saa na kusoma daftari la matukio kwa mpangilio wa ukamilishaji. Na "nilishaleta" ya msaidizi ilikuwa sahihi kisarufi na kiufundi: -sha- ilitaja hali iliyofikiwa bila kujali saa iliyoandikwa kwenye kidahizo.

Sitaki hoja hii ivukishwe mipaka. Katika African Religions and Philosophy (1969), John Mbiti, aliyekuwa akifundisha Makerere, aliyatumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani kujenga nadharia kwamba fikra za Kiafrika za wakati zina wakati uliopita na uliopo, na karibu hazina wakati ujao wa mbali. Ushahidi wake wa kisarufi aliuchota hasa katika Kikamba na Kikuyu, si katika Kiswahili chenye -ta- yake. Wapo wanafalsafa walioipinga nadharia hiyo, akiwemo Kwame Gyekye. Katika makongamano yetu nimesikia ikirejeshwa kwa mlango wa nyuma, ikidaiwa kuwa kompyuta "haiendani na wakati wa Mwafrika". Hilo silikubali. Ninachosema ni kidogo zaidi na kinapimika: sarufi ya Kiswahili inatenganisha hali ambazo injini za hifadhi nazo zinazitenganisha, na mwandishi wa mwongozo anaweza kuitumia.

5.0 Kuthibitisha, kutangua, kukamilisha

Kwa tendo lenyewe la kuufanya muamala uwe wa kudumu, maneno kadhaa yanashindana. "Kujitolea" na "kujifunga", ambayo hutokea pale mfasiri anapofuata kamusi ya jumla, yanamhusu mtu na ahadi yake, hivyo tuyaache. "Kuthibitisha" lina nguvu kwa kuwa limezoeleka katika huduma za fedha za simu, lakini linahitajika kwingine: kuthibitisha kwamba data iliyoingizwa ni sahihi, na kuthibitisha utambulisho wa mtumiaji. Muamala unaweza kuwa na data iliyothibitishwa na bado ukabatilishwa.

"Kukamilisha" lina sifa bora. Mzizi wake, kamili, unahusu uzima wa kitu kisichopungua sehemu, na sharti la kwanza la muamala ni kwamba ufanyike wote au usifanyike kabisa. Pingamizi lililopo ni kwamba hata muamala ulioachwa umefika mwisho wake. Pingamizi hilo hujibiwa na lugha yenyewe: ule ulioachwa umekwisha, lakini haukukamilika. Kwisha na kukamilika si kitu kimoja.

Kwa tendo la kinyume, baadhi yetu tumekuwa tukipendekeza "kutangua", kwa kufuata matumizi ya kutangua ndoa au amri. Nami nililiunga mkono neno hilo zamani. Leo naliondoa, kwa sababu moja ya kimofolojia. Kauli ya kutendwa ya "tangua" ni "tanguliwa", na kauli ya kutendwa ya "tangulia" nayo ni "tanguliwa". Sentensi "muamala wa pili umetanguliwa" inaweza kumaanisha kwamba umefutwa, au kwamba kuna mwingine uliokuja mbele yake. Katika uwanja wa kilimo utata huo usingedhuru mtu. Katika uwanja ambao swali lake kuu ni nani alimtangulia nani, ni hatari. "Kubatilisha" halina utata huo.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Nafupisha kwa kupendekeza mambo manne. Kwanza, "muhuri wa wakati" ubaki kuwa jina la jumla tu, na usitumike katika mwongozo bila kutajiwa tendo lake: muhuri wa kuanza, muhuri wa kukamilika, muhuri wa kuwa imara. Pili, nambari isiyo saa isiitwe muhuri. Iitwe "nambari ya zamu", na msomaji aambiwe wazi kama zamu hiyo hutolewa mwanzoni au mwishoni. Tatu, "kukamilisha" na "kubatilisha" yawe jozi ya msingi, na "kwisha" litumike kwa hali zote mbili kwa pamoja. Nne, orodha za istilahi ziambatanishe kila nomino ya wakati na sentensi mbili za mfano, moja ya -ja- na moja ya -ku-. Istilahi isiyoweza kutungiwa sentensi hizo mbili haijafafanuliwa vya kutosha.

Kwa nchi zetu kuna jambo la ziada. Kampala, Nairobi na Dodoma zina saa moja. Kigali, Bujumbura na Goma ziko nyuma kwa saa nzima. Juu ya hayo, msemaji wa Kiswahili anayesema "saa nne asubuhi" anahesabu kuanzia mapambazuko, ilhali kompyuta inaandika kumi. Wanaojenga hifadhidata za pamoja za ukanda huu kwa kawaida hujihadhari na hitilafu hizo mbili, kwa kuwa zinaonekana kwa macho. Hitilafu ya kuanza na kukamilika haionekani. Vidahizo vya msaidizi wetu vilikuwa na saa sahihi, katika ukanda sahihi wa saa, na bado vilipotea.

Baada ya chanzo kugunduliwa, msaidizi alilipwa stahiki zake na vidahizo vyake vikaingizwa katika toleo lililofuata. Sentensi ile ya mwongozo nayo imesahihishwa. Sasa inasema: "Kila kidahizo kina muhuri wa kuanza kwa muamala ulioleta kidahizo hicho. Usiutumie kujua kilikamilika lini."